Siku Mbwa wa Bu Makereta Waliponyamaza

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nisimchoshe. Mimi ni Shaleshni, mpakiaji wa mikate zamu ya usiku hapa Suva. Kwa mwaka mzima sijalala mchana ipasavyo kwa sababu ya mbwa wanne wa jirani yangu, Bu Makereta. Bu ni bibi. Mteremko wetu wote wa Samabula unamwita hivyo, wenye asili ya Kihindi kama mimi na wenyeji kama yeye.

Mnajua tayari kwamba nilisinzia nimesimama kwenye mashine ya kukata mikate, ikaondoka na ncha ya kidole changu. Mnajua kwamba watu wa manispaa walikuja kusikiliza kelele, na mbwa wote wanne wakalala kimya saa mbili nzima kama wako kanisani, hadi nikaambiwa mimi ndiye ninayesumbua mtaa. Mnajua pia kwamba mume wangu, Avinesh, aliliegesha gari la kusambaza mikate mlimani, akashuka mbio kuwarekodi mbwa kwa simu, na gari likateremka peke yake hadi mtaroni. Kazi yake ikaishia hapo.

Hayo yote yalitupata. Leo nasema nilichokifanya mimi, na hakuna aliyenituma.

Ilikuwa Jumanne. Nilifika nyumbani saa moja asubuhi, viatu vimelowa, macho yanawaka. Mmoja wa wale mbwa, Loa, alinisikia kabla sijafika kwenye ngazi, akaanza. Loa akibweka, Vula hujibu. Vula akijibu, Bisketi hulia kama mtoto aliyefinywa. Wa mwisho ni Sajini, mzee wao, mbwa aliyeachwa na marehemu mume wa Bu. Sajini hakuwa na fujo. Alibweka mara moja, akanyamaza, ukaanza kusinzia, akabweka tena.

Bu Makereta alikuwa anatoka, kofia kichwani na kikapu mkononi, anakwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Umerudi, mwanangu?" aliniambia juu ya uzio. "Kalale. Nimewaambia wanyamaze."

Amewaambia. Niliingia ndani, nikajilaza na mto juu ya kichwa, nikahesabu mibweko mia mbili na kumi. Kisha nikaamka.

Daktari alikuwa amenipa vidonge vya usingizi baada ya kile kidole. Vilinipa miguu mizito na mdomo mchungu, lakini masikio yalibaki wazi. Kichupa kilikuwa juu ya jokofu. Nilikichukua, nikapasha wali uliolala, nikafungua kopo la samaki, nikasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko.

Nilitaka walale. Hilo ndilo ninalojiambia kila siku. Lakini kuna na hili: nilipokwisha kuchanganya, nilikitazama kichupa, nikaona vimebaki vichache, nikavimimina navyo. Anayetaka mbwa wapumzike saa chache hamimini vyote.

Avinesh alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta kazi, au ndivyo nilivyodhani. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikauweka wali kwenye jani la mgomba, nikausukuma chini ya mabati ya uzio.

Walikuja wote. Mimi ndiye mwanamke wa kuwarushia ndala, na walikuja wanatikisa mikia. Loa alinilamba kidole kilichokatika. Sajini alifika mwisho, wenzake wakampisha kwa heshima yake, na yeye ndiye aliyekula zaidi ya wote.

Ndani ya nusu saa mteremko ulinyamaza. Nilisikia vitu ambavyo sikuwa nimevisikia mwaka mzima: maji yakichuruzika kwenye mfereji, redio ya mtu mbali.

Nililala. Mungu anisamehe, nililala vizuri kuliko siku yoyote tangu niolewe.

Nilipoamka ilikuwa saa kumi jioni, na kilichoniamsha ni sauti za watu. Nilichungulia kwenye vioo vya dirisha. Uani kwa Bu kulikuwa na watu kama ishirini.

Bu Makereta alikuwa amelala chini ya ngazi zake za nyuma. Mguu mmoja ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Alikuwa amesahau miwani, akarudi katikati ya mkutano kuichukua, akamkuta mtu chumbani kwake. Mtu huyo alikimbia, yeye akamshika shati kwenye ngazi, na ngazi zile zina vidato kumi na vinne. Alilala pale chini tangu kabla ya adhuhuri. Aliita, na mvua ilikuwa imerudi, na mabati yetu yanapiga kelele mvua ikinyesha.

Nyumba yake na yangu zimetengana hatua nane. Mimi nilikuwa nimelala.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Ndipo watu wakawageukia mbwa. Watatu walikuwa wanajaribu kusimama na kuanguka, kama walevi. Sajini hakujaribu. Alikuwa amelala chini ya mshelisheli, ulimi nje, mvua inamwingia machoni.

Isimeli, mwana wa Bu, alikuwa ametoka kazini bandarini mbio, bado amevaa kofia ya plastiki. Ni mtu mkubwa, na siku zote alikuwa mpole. Alimgusa Sajini kwa mguu, kisha akainama akaokota jani la mgomba. Alilinusa.

"Samaki wa kopo," alisema. "Wamelishwa."

Kilichoibwa kilikuwa kitu kimoja. Televisheni ilikuwepo, cherehani ilikuwepo. Lilichukuliwa jino la nyangumi la ukoo wao, lile la manjano lenye kamba ya kusuka, lililokuwa litolewe kwenye harusi ya mjukuu wa Bu baada ya siku kumi. Kwa wenyeji wa hapa hakuna kitu kinacholizidi. Ukiomba mke unalo mkononi, ukiomba msamaha unalo mkononi. Bila hilo Isimeli hana uso wa kusimama mbele ya wakwe wa binti yake.

Watu walisema wenyewe kwa wenyewe kwamba aliyewalisha mbwa ndiye aliyeingia. Ilikuwa hesabu rahisi, na hakuna aliyeitilia shaka. Hata mimi nikiwa nyuma ya vioo niliona kwamba ni kweli, isipokuwa haikuwa kweli.

Hapo ndipo Sakiusa aliposhuka ngazi za mtaani akitoka kazini.

Sakiusa ni fundi wa kuziba matairi, anakaa nyumba ya chini kabisa na mkewe Litia. Mwezi Machi Bisketi alimng'ata shavu la mguu, naye akasimama mbele ya duka, watu wote wanasikia, akaapa kwamba siku moja atawanyamazisha wale mbwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakujua lolote kuhusu Bu. Alichokiona ni watu uani na mbwa mmoja amekufa.

"Haya, mmoja kashastaafu," alisema, akicheka. "Leo angalau robo ya mtaa italala."

Hakuna aliyecheka. Isimeli aliliweka chini lile jani.

Sitaeleza kirefu. Walikuwa Isimeli na binamu zake wawili, na Sakiusa alikuwa peke yake na mfuko wa mihogo. Aliendelea kuuliza, "Kuna nini, ndugu zangu? Nimefanya nini?" hadi alipokosa pumzi ya kuuliza. Wakati mmoja alianguka ameelekea dirisha langu, nami nikaona jicho lake la kushoto limeshafumba kwa uvimbe.

Ningeweza kuvifungua vioo hadi mwisho. Vinafunguka kwa kuvuta kipini kimoja tu. Nilikishika kipini nikavifunga.

Na nikiwa nimeamua kuungama, niungame yote. Nilichokihisi pale hakikuwa huruma. Nilishusha pumzi.

Polisi walimchukua Sakiusa, kwanza kumwokoa, kisha wakamweka ndani. Koplo mmoja wa kike alikuja kuniuliza kama nimeona kitu. Nilimwambia nafanya kazi usiku, nilikuwa nimelala tangu saa tatu asubuhi. Aliandika. Aliniambia nina bahati kupata usingizi mtaa kama huu.

Jumatano mchana Litia alikuja kwangu. Nilimwandalia chai na roti mbili, akavitazama tu. Alisema mumewe Jumanne alikuwa kwenye karakana hadi saa tisa, lakini mwenye karakana yuko safarini Labasa na wateja hawakumbuki saa. Wakili wa bure alimwambia atafute mtu yeyote wa mteremkoni aliyeona aliyewalisha mbwa.

"Dirisha lako ndilo linalotazama kule, dada Shale," alisema.

Nilimwambia nililala.

"Hata harufu ya samaki hukusikia?"

Nilimwambia tena nililala. Akaongea taratibu, bila kuniangalia.

"Basi nifanyie jambo dogo. Njoo uwaambie polisi habari zako. Hakuna mtu mtaa huu aliyewachukia mbwa wale kuliko wewe, na hujawahi kuwagusa hata kwa jiwe. Waambie mtu anaweza kuchukia akaishia hapo. Mume wangu ni hivyo hivyo. Ni mdomo tu."

Nilimwambia nitachelewa kazini. Ilikuwa saa nane mchana na zamu yangu inaanza saa nne usiku. Litia analijua hilo kama anavyolijua jina langu. Alisimama, akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka.

Alhamisi Isimeli akabisha hodi. Alikuwa na ufunguo mkononi na macho mekundu. Mama yake ameamka kutoka kwenye dawa za maumivu, alisema, na kitu cha kwanza alichouliza ni nani anawalisha mbwa. Halafu akasema apewe Shaleshni ufunguo.

"Nilimwambia wewe huwapendi," Isimeli alisema. "Akasema, nimemwona anavyowatazama, atawazoea. Sasa sijui, dada. Mimi nashinda hospitali. Ukiona ni mzigo, sema."

Niliupokea ufunguo.

Mbwa watatu walinijia mlangoni bila sauti. Hawakubweka siku ile, wala iliyofuata. Walinifuata kila nilipokwenda, pua kwenye mkono uliowapa wali. Nilipoketi kwenye ngazi, Loa aliweka kichwa juu ya mguu wangu akapumua. Mtaa ulikuwa kimya kabisa, na mimi sikupata usingizi hata wa kuibia.

Nikarudi jikoni kwangu kuwapikia. Mchele tunauweka kwenye pipa la plastiki, gunia zima kwa mara moja. Ulikuwa umepungua, nikaingiza mkono hadi kiwiko. Nikagusa kitu kigumu ndani ya mfuko.

Sikuhitaji kuufungua. Kamba ya kusuka ilikuwa inajitokeza.

Niliketi sakafuni. Wiki mbili kabla ya hapo, kidole changu kikiwa bado na bendeji, Bu Makereta alikuwa ameniita kwake kunipa pole. Alilitoa jino sandukuni, akaniwekea mapajani, akaniambia mahali anapolificha kwa sababu hana binti wa kumwambia. Nami nilikuja nyumbani nikamsimulia Avinesh tukila, kwa kukosa jingine la kusema.

Avinesh alirudi jioni ile amenyoa ndevu. Alinikuta nimekaa mezani na mfuko mbele yangu.

Hakukana. Alivuta kiti akakaa upande wa pili.

"Liweke ulipolitoa," alisema.

"Umemvunja mguu."

"Alinishika shati. Nilijinasua. Kama angeniachia, angekuwa anatembea sasa hivi."

Nilimuuliza ilikuwaje aingie mle mchana, na mbwa wanne uani. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayeona haya kwa ajili yangu.

"Nilikuwa bafuni, Shale. Sikuwa nimetoka. Nilikuona unasaga vile vidonge, nikajiuliza unajipikia wewe mwenyewe au nani. Nilitaka hata kukuzuia. Kisha nikakuona unausukuma wali chini ya mabati."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikasubiri walale. Na wewe ulale."

Aliongea bila hasira. Alisema amezunguka miezi miwili akiomba kazi, na kila mahali wanamwita yule wa gari la mtaroni, wanacheka. Alisema kuna mtu mjini Nadi ambaye angelichukua jino bila maswali, lakini sasa kila mtu anasikilizia habari zake. Alisema tukae kimya hadi harusi ipite. Aliniambia alijifunga taulo usoni, hakuna aliyemwona.

"Na Sakiusa?"

"Sakiusa atatoka. Hawana kitu dhidi yake." Akakivuta chungu cha dengu karibu. "Na wakitaka mtu wa kumweka badala yake, wataanza na aliyeua mbwa. Mimi sikuua mbwa."

Ndivyo tulivyoelewana. Yeye ndiye mtu pekee duniani aliyeniona na lile jani, na zaidi yake, mimi ndiye pekee ninayejua lilipo jino. Nilipakua dengu na wali. Tulikula. Aliniambia chumvi imezidi kidogo.

Ijumaa asubuhi nilipotoka zamu nilikwenda hospitali kuu, na supu ya kuku kwenye chombo. Nilijiambia nakwenda kwa sababu nisipokwenda watu watashangaa.

Bu Makereta alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Alikuwa amepungua kwa siku tatu kama mtu aliyefunga mwezi. Isimeli alikuwa kando yake anamkanda mkono. Aliniinukia, akanipa kiti, akaniita dada mbele ya wagonjwa wengine.

"Wanakula?" Bu aliniuliza.

Nilisema wanakula.

"Wanabweka?"

Nilisema hapana.

"Masikini. Basi unalala." Akamgeukia mwanawe, akamtuma chini akajaze maji ya moto kwenye chupa ya chai.

Isimeli alipotoka, uso wa Bu ulibadilika. Aliniambia nisogeze kiti.

Kesho asubuhi wanamfanyia upasuaji wa nyonga, alisema. Daktari amemweleza ukweli: kwa umri wake na moyo wake, kuna wanaolazwa kwa dawa na hawaamki. Yeye haogopi. Lakini kuna jambo hataki kwenda nalo.

"Ninamjua aliyenisukuma," alisema.

Nilikiweka chombo cha supu mezani.

"Alikuwa na taulo usoni. Nilipoanguka, alikimbia hadi kwenye uzio. Kisha akarudi. Alinilaza kichwa juu ya kikapu changu, akanivuta sketi ikanifunika magoti. Akasema, pole, Bu." Aliniangalia kwa macho makavu. "Mwizi gani husema pole, Bu? Sauti ile nimeisikia juu ya uzio miaka sita."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia veranda. Nilisikiliza ufagio.

Alinieleza kwamba amekaa na jina hilo siku tatu. Angeliwaambia polisi siku ya kwanza, lakini Isimeli angelisikia kabla ya polisi kuvaa kofia, na anamjua mwanawe. Yule mpole amekwisha. Kilichobaki ni yule aliyempiga Sakiusa bila kuuliza swali, na mtu huyo akimfikia Avinesh, mimi nitakuwa mjane na mwanawe atakuwa mfungwa.

"Sasa Sakiusa amelala sakafuni ndani kwa ajili ya ukimya wangu," alisema. "Jicho lake wanasema haliwezi kupona. Siwezi kulala kwa dawa na jambo hilo. Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Leo hii, kabla jua halijazama, mumeo aje hapa kwa miguu yake. Aje na jino. Nitamwita mchungaji na koplo, nitamkalisha Isimeli hapa nimshike mkono. Avinesh apige magoti aombe msamaha kwa desturi yetu. Ukiombwa hivyo mbele ya watu, huna ruhusa ya kukataa. Isimeli atafungwa mikono na desturi. Baada ya hapo polisi wafanye kazi yao."

Nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu, kwamba anayeomba msamaha huo lazima aje na jino la nyangumi lake.

"Najua. Na nyinyi hamna." Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Aje na langu. Nitajifanya sikulijua."

Nilianza kulia. Alinipapasa nywele kama ambavyo mama yangu hajawahi kunifanyia. Alisema nisilie, kosa si langu, mwanamke habebi miguu ya mumewe. Alisema ndiyo maana alitaka ufunguo niupate mimi, ili mtaa uone kwamba mimi na yeye hatuna neno, hata hili litakapotoka.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika.

"Kitu kimoja tu kinanisumbua," Bu alisema. "Sajini. Mume wangu alimlea kwa chupa. Mguu nimesamehe, jino nitasamehe, lakini Sajini alikuwa mzee, hakuwa na madhara, angeweza kufungiwa tu mlango. Aliyempa ule wali sijui kama nitaweza kumtazama." Alikishika kiganja changu, kile chenye kidole kifupi. "Niambie kweli, nisije nikamkosea bure kwa hasira. Ni yeye pia?"

Alikuwa ananiangalia machoni. Ningeweza kusema sijui. Hata neno hilo lingetosha.

"Ni yeye, Bu," nilisema. "Avinesh ndiye aliyewalisha. Nilimwona kwa macho yangu. Niliogopa kusema."

Lilitoka laini kabisa. Nikaongeza na machozi.

Bu alikiachia kiganja changu. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Isimeli alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Sijui amesimama tangu lini. Aliingia, akaiweka chupa mezani taratibu, akahakikisha mfuniko umekaza.

"Kumbe ulimwona," aliniambia. Alisema hivyo tu, kwa upole wake wa zamani.

"Isimeli," mama yake alisema. "Kaa hapa. Nipe mkono."

Alimbusu kwenye paji la uso. Kisha akatoka. Hakukimbia. Tulisikia viatu vyake vizito kwenye korido, halafu kwenye ngazi, halafu hatukuvisikia tena.

Bu alijaribu kujiinua, na ule uzito ukamvuta mguu, akatoa sauti ambayo muuguzi aliisikia kutoka chumba cha pili. Hakujali. Alikuwa ananionyesha pochi yangu kwa kidole.

"Mpigie mumeo. Mwambie atoke nyumbani sasa hivi, aende polisi, aende popote."

Kutoka hospitali hadi kwetu ni dakika kumi na mbili kwa gari, na Isimeli ana gari. Avinesh saa ile huwa amelala, ameegesha mlango tu bila kuufunga, ili nikirudi nisimwamshe.

Niliitoa simu. Jina lake lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha. Niliweka kidole juu yake, juu ya jina la mtu pekee aliyeniona na lile jani, na kidole kikakaa pale.

Muuguzi aliingia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kula. Simu ilijizima mwanga mkononi mwangu, nikaiwasha, ikajizima tena.

Bu Makereta alikuwa ameacha kuhangaika na mguu. Alikuwa anakitazama kile kidole, kisha akanitazama usoni, taratibu, kama mtu anayesoma bila miwani.

"Shaleshni," alisema. "Mbona humpigii?"